Mikoko ya Tanga na bahari inayopanda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu modeli za kompyuta

Ukurasa huu ni wa wajumbe wa kamati za maliasili za vijiji na BMU (vikundi vya usimamizi wa uvuvi na fukwe), maofisa wa halmashauri, na wanafunzi wanaoanza utafiti kwenye mikoko ya Tanga, kuanzia Moa hadi Pangani. Maswali ni yale yale yanayoibuka kila mtu anapotandika ramani yenye rangi mbele ya mkutano wa kijiji na kusema, "Hii ndiyo hali ya mwaka 2100." Mengine huulizwa kwa ukali, na ni haki yao wanaouliza.

Modeli ya mikoko ni nini hasa?

Ni hesabu inayorudiwarudiwa. Kompyuta inaigawa pwani kuwa vipande vidogo vya mraba, tuseme mita kumi kwa kumi, na kila kipande kinapewa sifa zake: kiko juu kiasi gani kutoka usawa wa kati wa bahari, kina miti gani, kinapokea tope kiasi gani kwa mwaka. Kisha bahari inapandishwa kidogo, tope linaongezwa, na kila kipande kinaulizwa upya: kwa hali hii, maji yakijaa yatafika hapa mara ngapi kwa mwezi, na mti uliopo utavumilia? Ukivumilia unabaki. Usipovumilia, kipande kinageuzwa kuwa cha mti mwingine, tope tupu, au maji. Halafu mwaka unaofuata, na unaofuata, mpaka ufike ule uliopangwa.

Basi, hakuna ramli. Anayesema kompyuta imetabiri anaipa sifa isiyo yake. Imejumlisha na kutoa namba ilizopewa na binadamu, na namba mbovu hutoka mbovu vile vile, ila sasa zimepakwa rangi nzuri.

Ziko za aina ngapi?

Nyingi, lakini kwa kazi za huku ni familia tatu tu za kujua. Maarufu kuliko zote ni SLAMM, iliyoanza kutengenezwa Marekani katikati ya miaka ya 1980. Inatazama eneo kubwa kwa kanuni rahisi: ardhi ikishuka chini ya kiwango fulani, uoto wake unabadilishwa. Ni nyepesi kuendesha na ndiyo maana wengi huikimbilia. Ya pili ni ile ya James Morris, iliyochapishwa mwaka 2002 kutokana na vipimo vya miaka mingi kwenye nyasi za chumvi za South Carolina. Hii haitazami ramani, inatazama sehemu moja kwa undani: mmea unavyonasa tope, tope linavyoinua ardhi, ardhi iliyoinuka inavyobadilisha ukuaji wa mmea. Familia ya tatu hufuatilia mti mmoja mmoja, kivuli chake na jirani anayemnyima mwanga. Humo mna FORMAN ya mwaka 1998 na KiWi ya mwaka 2000, ambazo angalau zilizaliwa kwa ajili ya mikoko.

Lakini mikoko ya wapi? Ya Amerika, ambako aina zinazotawala ni tatu. Mlilana na mkandaa, aina za mikoko ya huku kwetu, hazioti huko kwa asili. Kwa hiyo mwanafunzi anayechukua kasi ya ukuaji wa mizizi ya Florida akaibandika Kigombe, huku Tanga, hajafanya modeli ya Kigombe, hata kama ramani yake ina jina la Kigombe.

Kwa nini mnahangaika na sentimita wakati bahari ni kubwa hivyo?

Kwa sababu mikoko yenyewe inahesabu sentimita. Maji yakiwa yamekupwa, shuka kutoka nchi kavu kwenda baharini kupitia hori lolote lenye msitu mzuri. Nyuma kabisa utakuta uwanda wa chumvi, mweupe, na mchu wafupi waliodumaa. Lamba jani lake, lina chumvi juu kwa sababu mti huo huitoa kupitia majani. Ukiendelea unaingia kwenye mkandaa, vichaka vilivyosongamana. Kisha mkoko wenyewe, ule ambao kitaalamu ni Rhizophora mucronata, na mizizi yake iliyojipinda kutoka kwenye shina hadi kwenye tope. Katikati yake unamkuta msinzi hapa na pale. Mbele kabisa, mahali ambapo maji hufika kila siku mara mbili bila kukosa, anasimama mlilana. Mchu anajitokeza tena huku mbele, safari hii mrefu na mwenye afya, kwa hiyo usije ukamtumia yeye peke yake kama alama ya mwinuko.

Safu yote hiyo inakaa ndani ya nusu ya juu ya maji, kuanzia usawa wa kati hadi bamvua kubwa, yaani maji yanapojaa kuliko kawaida wakati wa mwezi mpevu au mwandamo. Tanga, tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua inapita mita tatu, hivyo nusu yake ya juu ni mita mbili tu hivi kwenda juu, zikagawanywa kwa aina zaidi ya tano za miti. Kosea sentimita 30 kwenye mwinuko wa ardhi na umeshamhamisha mkandaa kwenye makazi ya mkoko.

Bahari inapanda kwa kiasi gani?

Kwa mujibu wa ripoti ya mwaka 2021 ya IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, wastani wa dunia ulipanda sentimita 20 hivi kati ya 1901 na 2018. Cha kuangalia ni kasi: milimita 1.3 kwa mwaka kati ya 1901 na 1971, kisha milimita 3.7 kwa mwaka kati ya 2006 na 2018. Kufikia mwaka 2100, ikilinganishwa na kipindi cha 1995 hadi 2014, makadirio ni sentimita 28 hadi 55 iwapo dunia itapunguza hewa ukaa haraka sana, na sentimita 63 hadi 101 ikiendelea kuchoma mafuta bila breki. (Haya tunayaandika katika mji ambao bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, ng'ambo tu ya ghuba. Kila mtu na riziki yake.)

Modeli nzuri haichagui namba moja. Inaendeshwa kwa ya chini, ya kati na ya juu, na matokeo yote yanaonyeshwa. Ukiletewa ramani moja peke yake, uliza nyingine ziko wapi.

Mzee mmoja kijijini anasema maji ni yale yale tangu ujana wake. Mwingine anasema sasa yanaingia mpaka kwenye minazi. Tumwamini nani?

Wote wawili, kwa heshima zao, wanaweza kuwa wanasema kweli. Bahari iliyopanda milimita nne kwa mwaka imeongeza sentimita nane kwa miaka ishirini, na hizo zinajificha ndani ya maji yanayopanda na kushuka mita tatu kwa siku moja. Juu ya hapo kuna kusi na kaskazi zinazosukuma maji, kuna miaka ya El Niño, na kuna mzunguko wa mwezi wa miaka 18.6 ambao hufanya bamvua za miaka fulani ziwe kubwa kuliko za miaka mingine. Kituo cha kupimia maji cha Zanzibar, chenye kumbukumbu tangu mwaka 1984, kinaonyesha vizuri jinsi usawa wa bahari huku kwetu unavyoweza kushuka kwa miaka kadhaa kisha ukapanda tena, wakati wastani wa dunia unaendelea na safari yake.

Halafu mnazi ulioanguka si lazima uwe umeangushwa na bahari iliyopanda. Mchanga ukichotwa ufukweni kwa ajili ya ujenzi, mnazi utaanguka hata bahari isipoongezeka kidole.

Hata hivyo wazee wana kitu ambacho satelaiti haina. Wanajua hori lilipita wapi kabla halijahama, mikoko ilianzia kwenye mti gani, shamba la chumvi lilifunguliwa awamu ya rais yupi. Maelezo hayo yanatumika kuipima modeli: unaianzisha nyuma, tuseme mwaka 1990, unaiendesha hadi leo, kisha unalinganisha na hali halisi. Picha za satelaiti za Landsat zipo tangu 1972, ingawa za mwanzo hazina makali. Modeli iliyoshindwa kuieleza miaka thelathini iliyopita haifai kusimama mkutanoni kueleza themanini ijayo.

Bahari ikipanda, mikoko si itazama tu?

Si lazima, na hapa ndipo mikoko inapotofautiana na ukuta wa zege. Mikoko hujiinulia ardhi yake. Mizizi hupunguza kasi ya maji, tope linatua. Majani yaliyoanguka na mizizi inayokua na kuoza polepole chini ya ardhi isiyo na hewa huongeza ujazo wa udongo. Maji yakizidi kidogo, tope linalotua nalo huzidi, kwa hiyo msitu hujirekebisha wenyewe.

Lakini una kikomo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kwenye jarida la Science, uliochunguza mashapo ya mikoko ya kale, ulionyesha kwamba bahari ikipanda kwa zaidi ya milimita 6 hivi kwa mwaka, uwezekano wa mikoko kuendelea kujijenga unakuwa mdogo mno. Linganisha na 3.7 ya miaka ya 2006 hadi 2018, uone nafasi iliyobaki si kubwa.

Utafiti mwingine, wa mwaka 2015 kwenye jarida la Nature, ulikuta kwamba katika asilimia 69 ya maeneo yaliyopimwa kuanzia Bahari ya Hindi hadi Pasifiki, bahari ilikuwa inapanda haraka kuliko ardhi ya mikoko. Mahali penye tope dogo na maji yanayopanda na kushuka kidogo paliwekwa kwenye hatari ya kuzama kuanzia mwaka 2070. Afrika Mashariki ilikuwa upande wenye nafuu, na sababu kubwa ni hizo mita tatu za maji zilizotajwa juu: msitu wenye ngazi ndefu una muda wa kupanda ngazi.

Nafuu hiyo ni ya ukanda mzima. Haimhakikishii kitu mtu wa Mwambani, hapa Tanga.

Tope la Tanga linatoka wapi?

Kutoka milimani, kupitia mito. Zigi unatoka Usambara Mashariki. Pangani unatoka mbali zaidi, Kilimanjaro na Meru. Umba unaingia baharini karibu na mpaka wa Kenya. Mkulumuzi unamwaga pale pale ghubani. Tatizo ni kwamba mito mikubwa imewekewa vizuizi. Kwenye Zigi kuna bwawa la Mabayani, linalowapa watu wa Tanga maji ya kunywa. Kwenye Pangani kuna Nyumba ya Mungu, Hale, na maporomoko ya Pangani ambako kituo kipya cha umeme kilianza kazi mwaka 1995. Bwawa hutuliza maji, na maji yaliyotulia huacha tope. Tope lililobaki Mabayani halitafika kwenye mikoko, na modeli inayotumia kiwango kimoja cha tope kwa pwani nzima haitaliona pengo hilo.

Usije ukadhani basi tope likizidi ndiyo heri. Kwenye hori la Mwache, Mombasa, mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka mashambani kwa mkupuo, ukafukia mizizi ya kupumulia, na sehemu kubwa ya mikoko ikafa imesimama. Mti huo unataka kulishwa kijiko kwa kijiko. Modeli nyingi zinajua wastani wa mwaka tu. Mafuriko ya wiki moja hayamo.

Kwa nini kila mtaalamu anauliza kilicho nyuma ya mikoko badala ya kilicho mbele?

Kwa sababu mikoko iliyoshindwa kupanda juu ina njia moja tu iliyobaki, kurudi nyuma. Hiyo ndiyo njia iliyotumiwa na mikoko ya kale barafu za dunia zilipoyeyuka na bahari ikapanda zaidi ya mita mia moja. Ila wakati ule nyuma hapakuwa na mtu.

Hesabu yake mtu anaweza kuifanya mchangani kwa kijiti. Ardhi ikiwa na mteremko wa mita moja kwa kila mita 100, bahari ikapanda nusu mita, ukingo wa maji unaingia ndani mita 50. Kwenye uwanda wa chumvi ulio tambarare, mteremko wa mita moja kwa kila mita 1,000, nusu mita hiyo hiyo inaingia mita 500. Kwa hiyo uwanda mweupe ambao kila mwekezaji anauona hauna kazi ndiyo ardhi ambayo mikoko ya wajukuu wetu itasimama, kama utaachwa.

Tanga ina vizuizi vya kila namna. Sehemu kama Raskazone ni jiwe la matumbawe lililosimama kama ukuta. Mkoko hauwezi kulipanda, na hapo hakuna wa kulaumiwa. Kwingine kuna matuta ya mashamba ya chumvi, barabara, kuta za nyumba za wageni, na makaburi na misikiti ya kale kama ya Tongoni, ambako bahari tayari inagusa historia. Modeli inahitaji kujua kila kizuizi kilipo. SLAMM, kwa mfano, ina kitufe cha kuilinda ardhi iliyojengwa, yaani kuchukulia kwamba wenye nyumba watajenga ukuta na hawataondoka. Kukiwasha au kukizima kunaweza kuibadilisha ramani kuliko kubadilisha makadirio ya bahari, na ripoti nyingi hazisemi kitufe kilikuwa upande gani. Kiulizeni.

Kuna na suala la sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Ni sheria nzuri kwa bahari iliyosimama. Kwenye ule mteremko wa kwanza, nusu mita ya bahari itakula mita 50 kati ya hizo 60. Kwenye ule wa pili zitakuwa zimeisha zamani. Kwa maoni ya ukurasa huu, halmashauri yenye ramani ya mwinuko inayoaminika ingepaswa kupima nafasi kwa mwinuko wa ardhi, siyo kwa utepe wa mita peke yake.

Ninaweza kutumia ramani za mwinuko za bure kutoka kwenye satelaiti?

Kwa milima, ndiyo. Kwa mikoko, hapana, na hili ndilo kosa linaloharibu kazi nyingi kuliko yote.

Ramani ya bure inayotumika sana ni SRTM, iliyopimwa kwa rada kutoka chombo cha anga mwezi Februari 2000. Rada hiyo haikufika kwenye tope, iligonga majani. Penye mkoko wa mita 12, ramani inasema ardhi iko mita kadhaa juu ya bahari. Kwa macho ya modeli, msitu wako umekuwa kilima. Unapandisha bahari mita nzima, kilima hakilowi, unaandika kwamba mikoko iko salama. Kinachochekesha ni kwamba palipokatwa miti panaonekana chini, panazama, na ripoti inahitimisha kwamba ukataji unaleta mafuriko. Huenda ni kweli, lakini si ramani hiyo iliyoonyesha.

La pili: SRTM inaandika mwinuko kwa mita nzima nzima. Sifuri, moja, mbili. Sisi tulishaona kwamba safu yote ya mikoko inakaa ndani ya mita mbili.

La tatu ni sifuri yenyewe. Sifuri ya satelaiti inatokana na umbo la dunia lililokokotolewa. Sifuri ya jedwali la maji la bandari ni maji ya chini kabisa yanapokupwa. Sifuri ya modeli ni usawa wa kati. Kuchanganya ya pili na ya tatu kunazalisha kosa la zaidi ya mita moja na nusu, na hakuna programu itakayokuonya.

Droni yenye kamera ya kawaida nayo huona majani tu. Kinachopenya ni leza ya kwenye ndege au droni, ambayo miale yake michache hupita kwenye matundu ya majani hadi chini, au satelaiti ya ICESat-2 iliyorushwa mwaka 2018, ingawa hiyo hupima kwa mistari iliyoachana. La sivyo, uingie kwenye tope mwenyewe.

Hatuna leza wala GPS ya gharama. Tufanyeje?

Tumieni bahari yenyewe kama pimamaji. Kwenye hori dogo lililotulia, uso wa maji yaliyojaa ni tambarare, na kila mahali yalipofika ni mwinuko mmoja.

Chagueni bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwandamo, upepo ukiwa mdogo. Siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hukupwa mnamo saa nne. Asubuhi maji yakiwa chini, chomekeni vijiti kuanzia kwa mlilana hadi uwandani, kila hatua ishirini, kila kimoja kimepakwa rangi ya chakula, ile ya unga wa njano ya dukani, ikaachwa ikauke. Andikeni namba ya kijiti na mti uliopo karibu. Jioni maji yatapanda, yataosha rangi mpaka pale yalipofika, kisha yataondoka. Asubuhi inayofuata, kabla jua halijawa kali, pimeni kwa rula kutoka kwenye tope hadi rangi inapoanzia. Kijiti kilichooshwa sentimita 90 kimesimama sentimita 50 chini kuliko kilichooshwa 40. Vijiti vilivyobaki vya njano tupu navyo vina kazi: vinaonyesha bamvua hiyo iliishia wapi.

Wekeni rula chini kwa upole, kwa sababu tope ni laini na rula inazama. Kipande cha ubao chini yake kinasaidia. Msiweke kijiti juu ya kichuguu cha kaa. Msinyoshe mstari zaidi ya mita mia chache, maana maji yakisafiri mbali kati ya mizizi hupungua kasi na uso wake hauwi tambarare tena. Rudieni bamvua nyingine. Na siku hiyo hiyo mtu mmoja asome kimo cha maji gatini, ili vipimo vyenu vifungwe kwenye sifuri inayojulikana.

Kwa namna hii kamati ya kijiji inaweza kupata mwinuko unaoshinda wa satelaiti kwa mbali, kwa gharama ya vijiti na pakiti ya rangi.

Na kasi ya ardhi kupanda inapimwaje?

Kwa chombo kiitwacho RSET. Fimbo ya chuma cha pua inagongwa ardhini mpaka igome. Juu yake unafungwa mkono wenye pini tisa, pini zinashushwa taratibu hadi ziguse tope, na urefu uliobaki juu unasomwa. Mkono unazungushwa pande nne, kwa hiyo unapata vipimo 36 kila safari, miaka kwa miaka, palepale. Pembeni humwagwa unga mweupe wa madini ya feldspa. Baada ya mwaka unakata kipande cha udongo na kuona tope jipya lililolala juu ya mstari mweupe. Tope jipya likiwa milimita tano na ardhi imepanda mbili tu, tatu zimepotea chini kwa kushindiliwa na kuoza. Mpimaji husimama juu ya ubao uliowekwa juu ya nguzo. Unyayo mmoja unaweza kuzidi mabadiliko ya miaka kumi.

Tukipanda mikoko mingi mbele, baharini, si tutajikinga?

Huo ndio mpango unaopendwa na wapiga picha. Tope tupu lililo mbele ya mlilana liko tupu kwa sababu: maji hukaa juu yake muda mrefu kuliko mche unavyoweza kuvumilia. Ufilipino walipanda kwa mamilioni katika sehemu za namna hiyo, na tathmini zilizofuata zilikuta iliyobaki hai ni asilimia 10 hadi 20 tu. Bahari inayopanda inafanya sehemu hizo ziwe ngumu zaidi.

Fedha hizo hizo zikitumika kubomoa tuta la shamba la chumvi lililotelekezwa, maji yakaruhusiwa kuingia na kutoka, mbegu huja zenyewe na mikondo. Kubomoa tuta hakuna mandhari ya sherehe, hilo tunakubali.

Kisiwa cha Maziwe kule Pangani ni ushahidi?

Si wa kuutegemea. Ni kweli Maziwe kilikuwa na miti na kasa wakitaga, na kufikia miaka ya 1980 miti yote ilikuwa imekwisha, likabaki fungu la mchanga. Lakini fungu la mchanga huhama kwa mikondo na mawimbi, na kisiwa kilichopoteza uoto kinamomonyoka haraka. Modeli ya mikoko haishughuliki na hayo.

Je, bahari ikishuka mikoko inanufaika?

Waulize Australia. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016, usawa wa bahari kwenye Ghuba ya Carpentaria ulishuka kama sentimita 20 kwa muda, wakati wa El Niño, kukiwa na joto na ukame. Hekta 7,400 hivi za mikoko zilikauka katika pwani ya zaidi ya kilomita 1,000. Modeli nyingi zinapandisha bahari kwa mstari laini na haziwezi kuonyesha mwaka mmoja mbaya wa namna hiyo.

Kaa na tondo (konokono wa mikokoni) wamo kwenye modeli?

Kwa kawaida hawamo. Kaa hula machipukizi, huchimba na kupitisha hewa na maji ardhini. Vyote vinagusa ukuaji. Hakuna aliyepata njia rahisi ya kuwahesabu.

Na ukataji?

Unaweza kuwekwa, na uwekwe. Mahali ambapo boriti na kuni vinatolewa kila wiki, kuzungumzia mwaka 2100 bila kuzungumzia shoka ni kujifurahisha. Msitu uliokatwa hupoteza mizizi, mizizi ikioza ardhi inanywea, na eneo linaanza safari yake likiwa chini tayari.

Ramani imepaka nyumba yangu bluu. Nihame?

Usihame kwa sababu ya rangi. Uliza mambo haya: mwinuko ulipimwa kwa kifaa gani, bluu hiyo ni ya makadirio ya chini au ya juu, ni ya mwaka gani, na ni maji ya kila siku au ya bamvua kubwa peke yake. Nyumba inayofikiwa mara mbili kwa mwaka na nyumba iliyo ndani ya bahari zina shida tofauti, ila programu huzipaka rangi moja. Kama unapanga kujenga mpya, hilo ni jambo jingine. Jenga juu, na mbali na uwanda wa chumvi.

Tunahitaji kibali cha kuingia kupima?

Ndiyo. Misitu ya mikoko ni hifadhi ya serikali chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Sehemu kubwa ya pwani kusini mwa mji wa Tanga imo pia ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009, yenye ofisi na taratibu zake. Mtafiti kutoka nje ya nchi apitie COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kwanza. Kisha, hata barua ikiwa na mihuri yote, anza kwa mwenyekiti wa kijiji na BMU, na mlipe mwenyeji wa kukuongoza. Yeye ndiye anayejua hori gani linapitika. Mgeni akivuka saa nne asubuhi siku ya bamvua maji yamemfika kifundoni, akasahau saa kwa kunogewa na vipimo, itakapofika saa nane atarudi kwa kuogelea, na daftari mdomoni.